Fulana ya Merino

Muuza mitumba wa Kombani haamini lebo. Kila fulana huipapasa kwa kidole gumba, akachomoa uzi, akauchoma kwa kiberiti na kuunusa. Ukinuka nywele zilizoungua, ni sufu ya kondoo wa merino. Ukiyeyuka, huitupa kando kama samaki aliyeoza. Kipupwe hiki alijiwa na Sanga, mpishi wa hoteli, ambaye kesho yake angekimbia mbio za msitu wa Shimba. Aling'ang'ania fulana ya nailoni inayometameta.

“Shikamoo mama. Nipe hii.”

“Marahaba. Mwaka jana si ulivaa kama hiyo, ikalowa jasho, ukarudishwa umebebwa mgongoni unatetemeka? Nikuuzie baridi tena?”

“Sufu inawasha kama upupu!”

“Vaa kwanza, ndipo utukane!”

Sanga akavaa merino, akasubiri mwasho, usije, akatoa pesa. Mama akaichukua ile ya kumetameta, akaikunja, akaikalia.