Askari wa Upande wa Malkia

Nakumbuka alasiri moja ya masika, mwanangu, kibarazani kwa Mzee Anaeli, jirani yetu pale Tengeru, ubao wa chesi ukiwa kati yetu. Nilikuwa kijana mwenye haraka. Nguvu zangu zote nilizipeleka kwa mfalme wake, nikitafuta ushindi wa kuwatambia wenzangu sokoni. Yeye hakuhangaika. Kule pembeni, upande wa malkia, alisogeza askari wake wadogo hatua kwa hatua, nami nikadhani mzee amekosa la kufanya.

Mashambulizi yangu yalipoisha, askari mmoja alikuwa amebakiza mraba mmoja afike mwisho na kugeuka malkia. Nikanyoosha mikono. Nilitaraji anicheke, lakini uso wake ulikuwa mzito.

"Hata mimi nilitazama upande mmoja," alisema.

Akanisimulia walivyogombana na kaka yake juu ya mpaka wa kihamba, lile shamba la migomba na kahawa walilorithi, penye isale tunazopanda kugawa mashamba. Kila asubuhi alikwenda kukagua kama zimesogezwa. Nyumbani, Elifuraha, mwanawe wa pekee, akaanza kula kimya, kisha akaacha kula na wenzake, kisha akaenda machimboni. Shimo likamfunika, hata mwili haukupatikana. Kaka mtu akaja msibani na jani la isale mkononi, na kwetu anayekuja na jani hilo kuomba radhi hakataliwi. Mzee akalipokea. Wakapatana, lakini wa kuachiwa kihamba hayupo.

"Mpaka uko palepale," akaniambia. "Haujasogea hata kidogo."

Nilipanga kete zake kwenye boksi nikaenda nyumbani na mvua, na moyo wangu ulikuwa na huzuni ambayo haijaisha mpaka leo. Majuto ni mjukuu, husema watu. Mzee yule hakubahatika kupata mjukuu mwingine.

Basi sikiliza, mwanangu. Pigania unachopigania, sikukatazi, ila kila jioni geuka utazame upande usio na kelele. Aliyenyamaza mezani, muulize leo, hata kama atakujibu vibaya. Mungu akupe macho ya kuona kiti cha wako kabla hakijabaki kitupu, na akuzeeshe ukiwa na wa kumwachia shamba.