Naunga Mkono na Fungu la Mtaro

Mjomba wangu ni diwani, na mtaani kwetu hakuna anayemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Anaitwa Naunga Mkono. Jina hilo amelipata kwa jasho lake mwenyewe, kwani tangu aingie katika baraza la jiji hajawahi kutoa hoja, kuuliza swali wala kupinga jambo lolote. Kazi yake ni kusubiri hoja ya mwenzake, kisha kusimama kabla ya wengine, kufunga kifungo cha koti na kutamka maneno hayo mawili.

Katika baraza letu hoja haiendi mbele mpaka diwani mwingine aiunge mkono, na jina la aliyeiunga husomwa kwa sauti katika kikao kinachofuata. Mjomba anapenda mno kusikia jina lake likisomwa. Kwa hiyo hangoji hoja ifike mwisho; huiwahi kama mtu anayegombania kiti cha dirishani. Zamani alikuwa fundi saa, na inasemekana hata saa za watu alizifungua kabla ya kuuliza zina ugonjwa gani.

Mwaka wa fedha ulipoanza, baraza lilitenga fedha za mtaro wa mtaa wetu. Wachimbaji walifika mbele ya chumba ambamo mama, dada yake Naunga Mkono, hushona nguo. Hapo wakaacha shimo wazi, wakabeba makoleo yao, wakaenda zao. Mama akalaza ubao juu ya shimo ili wateja wapite. Kila mvua iliponyesha, maji yalikosa pa kwenda, yakaingia chumbani. Cherehani moja ilikuwa imeshashika kutu, wateja wawili watatu walikuwa wamekuja kuchukua vitambaa vyao kimyakimya, na mvua kubwa zilikuwa njiani.

Tukasikia kwamba katika mapitio ya bajeti ya nusu mwaka baraza lilitaka kuhamisha fedha za mtaro. Mama akamwita kaka yake.

"Kaka, safari hii nakuomba neno moja tu. Mtaro."

"Dada, hilo limeshakwisha."

"Limekwisha wapi, na wewe umepita juu ya ubao kuingia humu?"

"Nakwambia limekwisha. Wakiligusa fungu hilo, nitawaka!"

"Usiwake. Sema tu hapana. Unaijua hapana wewe?"

Mjomba alicheka, akajaribu koti jipya ambalo mama alikuwa akimshonea bure, kwa kitambaa cha mama, akalalamika kwamba mabega yanabana.

Siku ya kikao mama alifunga kazi, tukaketi kwenye benchi la wananchi nyuma ya ukumbi. Waheshimiwa walibishana kwa muda mrefu kuhusu chupa za maji ya kunywa, kama ziwe kubwa au ndogo. Baada ya hapo fungu la dawa za zahanati likapunguzwa kabla diwani mmoja hajamaliza kupiga chafya. Hakuna aliyeona ajabu. Hatimaye mweka hazina akafungua ukurasa mwingine.

"Kuhusu fungu la mtaro wa mtaa wa mafundi..."

"Naunga mkono!"

Mjomba alikuwa ameshasimama, kifungo kimefungwa. Wiki nzima alikuwa amejiandaa kulisikia neno mtaro, na alipolisikia akafanya jambo pekee ambalo mwili wake unalijua. Ukumbi ukaangua kicheko.

"Mheshimiwa, sentensi haijaisha," alisema Meya.

Mweka hazina akaendelea, "...fedha zilizobaki zihamishiwe kwenye ununuzi wa viti na mapazia ya ukumbi huu."

Meya akamtazama mjomba. "Huo si mtaa wako? Kanuni zinaruhusu uondoe kauli yako. Unaiondoa?"

Mjomba aligeuka nyuma akatuona. Mama alitikisa kichwa polepole kumwonyesha: hapana, sema hapana.

"Naunga Mkono aondoe mkono!" diwani mmoja akapaza sauti. "Jamani, leo tutaona maajabu!"

Wakacheka tena. Mjomba akavuta ncha za koti lake kuukuu. "Mheshimiwa Meya, mimi si kigeugeu. Nikishaunga, nimeunga."

Wakampigia meza kwa furaha, na hoja ikapita. Wapo watu wanaowauza ndugu zao kwa tamaa, na angalau hao huondoka na kitu mkononi. Mjomba alimuuza dada yake kwa kelele za meza.

Jioni alikuja. Mama alikuwa ameuvuta ubao ndani, kwa hiyo mjomba akasimama ng'ambo ya shimo na viatu vyake vinavyong'aa.

"Dada, ubao uko wapi?"

"Umo ndani."

"Sasa nitavukaje? Nimefuata koti langu. Kikao kijacho tunazindua viti."

"Vizuri. Utakaa."

"Dada, watu wanatazama! Utoe basi."

"Mteja akija nitautoa. Wewe si mteja, hujawahi kulipa."

Fundi viatu wa jirani, aliyekuwa akijifanya hasikii, alishindwa kujizuia, akacheka mpaka nyundo ikamdondoka. Mjomba alilipima shimo kwa macho, akanyanyua mguu mmoja, akaurudisha. Kuruka hakuweza, na kushuka matopeni hakutaka.

"Yote haya kwa ajili ya kashimo haka?" aliuliza.

Mama alikuwa amelilaza koti jipya mapajani na kuanza kulifumua mabegani, uzi baada ya uzi, bila haraka. Mjomba alitazama mkono mmoja wa koti ukiachana na mwenzake, akafunga kifungo cha lile kuukuu, akaondoka.

"Kitambaa kizuri hiki," mama aliniambia. "Kitatoa kaptula mbili za shule." Kisha akainuka, tukaanza kuzipandisha cherehani juu ya matofali.