Poda ya Mwingine

Bukavu, mtu akitetea kazi yake ya mwisho chuoni na kupita, harudi nyumbani akiwa msafi. Ndugu zake humsubiri nje na makopo ya poda, na kummwagia kichwani mpaka awe mweupe mzima, na mama yake ndiye anayeanza. Siku ile wa kumwagiwa alikuwa mtoto wa mama mdogo, aliyekuja kwetu kutoka Luvungi akiwa bado na kamasi, nikampisha nusu ya kitanda changu. Mama yake alibaki kwenye mashamba, kwa hiyo kopo la kwanza lilishikwa na maman wangu.

Wangu mimi.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Chuo nilikiacha mwenyewe mwaka wa pili, nikaenda kushona Kadutu, na hata sare za kitenge walizovaa siku ile zilitoka kwenye cherehani yangu. Kazi niliipenda. Basi roho iliniuma nini? Maman, ambaye kilima chetu anakipanda akilalamikia magoti, alivua viatu, akapiga vigelegele na kucheza vumbini kama msichana. Kwa ajili yangu sikuwahi kumwona akicheza hivyo. Diploma wangempa yeyote; mimi nilimwonea mdogo wangu wivu kwa yale magoti.

Mdogo wangu alinijia na mikono miwili myeupe. "Yaya, mkubwa wangu, nikupake!"

Nikarudi nyuma, nikasema nina kikohozi. Wivu hauna haya, hata uongo wake hauuchagui.

Jioni maman alinikuta nafua sare yangu, ambayo haikuwa na doa lolote.

"Weye haukupakwa?"

"Maman, miye utanimwangia poda siku gani?"

Alicheka mpaka akakaa. "Weye? Siku nilikuzala, bamaman ba mu maternité balinipaka poda mpaka mu masikio. Papa yako alicheza mu barabara, watu banamuangalia. Hii ya leo iko kidogo!"

"Na miye nilikuwa nafanya nini?"

"Ulikuwa unalala."

Nilifurahi, sitaficha. Lakini nilipokuwa nikianika ile sare nikamfikiria yule mtoto mchanga: hajui kusoma, hajui kushona, hajapita mtihani wowote, amejilalia tu na watu wanacheza kwa ajili yake.

Naye nikamwonea wivu.