Kipimo cha Siku ya Pili

Ipo siku moja haijanitoka kichwani, mwanangu, na hunirudia kila nikimwona binti anatoka kupima huku anacheka. Nilikuwa nakaa Magoma, mimi na mtoto wangu anayenyonya. Baba yake alishatuacha, kaoa Mombo. Domo langu enzi hizo lilikuwa refu kuliko akili.

Jirani yangu Mwanaidi alishikwa na uchungu, mto umejaa, gari hakuna. Nikamzalisha mimi. Wakati wa kukata kitovu, wembe ukanichanja kidole. Kesho yake akafikishwa zahanati, akakutwa na virusi vya UKIMWI. Maskini, hakunificha.

"Mwenzangu, nenda kapime," aliniambia.

Nilikwenda siku hiyo hiyo. Kipimo kikasema sina. Nikapiga kigelegele mle ndani bila haya. Nesi, mama mtu mzima, akanisogezea kiti.

"Kaa chini, binti. Kipimo hiki hakioni kirusi. Kinatafuta kingamwili, zile kinga ambazo mwili unazitengeneza kirusi kikishaingia. Zinachukua wiki kadhaa kuonekana. Urudi baada ya miezi mitatu."

"Nitarudi, mama." Mwongo mkubwa mimi! Neno nililolitaka nilikuwa nimeshalisikia.

Miezi mitatu ikapita, ikafika sita. Mtoto akichemka kidogo tu, najiambia ni malaria. Nilikuwa namnyonyesha huku namwogopea.

Nesi ndiye aliyenifuata hadi shambani, viatu mkononi kwa tope. Hakunigombeza.

"Mtoto bado ananyonya?" aliuliza.

Nililia pale pale kwenye mahindi.

Safari hii kipimo kikasema ninao. Nikaanzishiwa dawa. Majibu ya mtoto hayakuwa ya siku moja: apimwe, aachishwe ziwa, asubiriwe, apimwe tena. Nilihesabu siku, sili, silali. Akakutwa salama. Ilikuwa rehema ya Mungu, si akili yangu, na sijajisamehe kwa kule kuchelewa.

Basi sikia, mwanangu. Ukigusana na damu ya mtu, au ukiteleza ukalala na mtu bila kinga, kimbilia kituo cha afya siku hiyo hiyo. Siku hizi ipo dawa ya kuzuia, mradi uianze ndani ya siku tatu. Ukipimwa mapema ukaambiwa huna, shukuru, kisha rudi tarehe uliyopewa. Ukiambiwa unao, meza dawa. Mimi hapa nazeeka nazo. Mungu akupe ujasiri wa kurudi, na watoto wako wanyonye kwa amani.