Chui Ana Mwenyewe

Asubuhi ya mwisho waliyokuwa pamoja, mume na mke waligombana kuhusu dirisha.

"Fundi, fungua dirisha. Rangi yako inaniua."

"Ingekuwa inaua ungeshakufa zamani, dereva. Lala."

Hakulala. Alimtazama mkewe akisugua kucha kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Kazi bure, maana rangi nyekundu ilishahamia kwenye zile kucha na kufanya makazi. Mkewe akafunga kilemba, akatia brashi mkobani, akasema akirudi atapitia sabuni. Akatoka. Halafu akarudi, akalisukuma dirisha likafunguka, akatoka tena.

Mchana walimletea habari. Mkewe alikuwa ameketi chini anachora mlango wa lori, akaegemea gurudumu kama mtu anayepumzika. Hakuinuka. Daktari alisema ni presha.

Watu walimwita marehemu Mama Chui. Jina lilitokana na kazi. Mume, ujanani, alikuwa dereva wa malori ya watu, na siku moja tajiri wake alimtuma apeleke lori likachorwe mnyama ubavuni. Alimkuta msichana amesimama juu ya debe, brashi ameibana kwa meno.

"Unataka mnyama gani?"

"Wa kutisha."

"Simba kila mtu anaye. Nitakupa chui."

Chui akatokea, kichwa, mabega, mgongo. Mkia ulipofika nyuma ukakutana na mfuniko wa tangi la mafuta. Mchoraji mwingine angeukata palepale. Yule msichana aliupindisha, ukauzunguka mfuniko, ncha ikatokea upande wa pili.

"Mkia umepinda," dereva akasema.

"Wako umenyooka?"

Wiki iliyofuata dereva alirudi, akadai eti rangi imekwaruzika. Ilikuwa imekwaruzika kweli, kwa ufunguo wake mwenyewe. Wakaoana.

Malori ya aina ile yote yalikuwa na mfuniko mahali palepale, hivyo chui wote wa Mama Chui wakawa na mkia ule. Miaka ikaenda. Akafungua karakana yake, akaiandikisha, akachora kibao kwa mkono wake akakitundika mlangoni. Ua ule ulikuwa na karakana tatu. Ya fundi bodi, aliyeunda mabodi ya malori kwa mbao na chuma. Ya fundi viti, aliyeshona viti. Na ya Mama Chui. Lori lilikuwa linaingia mifupa mitupu, linatoka limevaa.

Siku moja wakaja wageni wawili na kamera. Wakasema wanapenda malori, wanaomba kupiga picha. Mama Chui akawapa viti, akawapa maji. Alipoona malori yana vumbi, akachukua kitambaa kibichi akawapangusa chui wote, mmoja baada ya mwingine.

"Picha zitoke safi," alisema.

Wageni wakashukuru, wakaenda zao.

Mwaka ukapita na ushee. Fundi viti, mtu mzima na kitambi chake, alikuwa na ugonjwa wa gemu. Kila akimaliza kula, simu mkononi, vidole mbio. Siku hiyo alipiga ukelele ua mzima ukasikia.

"Mama Chui! Njoo! Chui wako yuko humu!"

Ilikuwa gemu mpya ya kuendesha malori. Mchezaji ananunua lori, halafu ananunua vya kulivalisha. Bodi ilikuwa ya fundi bodi, na zile mbao zake za mshazari. Viti vilikuwa na mshono wa fundi viti. Ubavuni alikuwapo chui, na mkia umejipinda duara. Ila lori la kwenye gemu halikuwa na mfuniko pale. Mkia ulikuwa umezunguka hewa tupu.

Mama Chui alicheka kwanza. Kisha akamrudishia simu yake. Jioni, mumewe alipomuuliza mbona hali chakula, alisema, "Niliwapangusia vumbi kwa mkono wangu."

Ndipo wakashtaki. Karakana tatu za ua mmoja, na upande wa pili kampuni ya gemu ambayo ghorofa lake ukilitazama shingo inauma. Wakili wao alikuwa dada mmoja asiyechoka. Wakili wa kampuni alisema picha za malori ni za barabarani, kila mtu anaziona, hazina mwenyewe. Kesi ikaahirishwa. Ikaahirishwa tena. Fundi bodi akawa anasema makalio yake yameota sugu kwa mabenchi ya mahakama.

Mwisho kampuni ikaita kikao. Italipa, yaishe. Ila wote watatu watie sahihi, na kwenye makubaliano iandikwe kwamba michoro ile ni ya mchoraji asiyejulikana.

Fundi bodi alishika kalamu. Fundi viti alimtazama Mama Chui. Mama Chui akakataa, mumewe akiwa ameketi nyuma yake, na kwa kuwa lazima wakubali wote, jambo likakwama. Wiki chache baadaye akafa.

Hawakumpa mume muda wa kupumua. Kampuni ikasema sasa mrithi ndiye wa kutia sahihi. Fundi bodi akaja nyumbani, akakaa kwenye ukingo wa kiti, kofia mkononi.

"Shemeji, pole tena."

"Nimeshapoa."

"Mimi sikuja kukusumbua. Lakini tumechoka. Yeye ndiye alikuwa mbishi, Mungu amrehemu. Wewe ni mtu wa amani."

"Nani kakwambia?"

"Shemeji, chui hawezi kumrudisha."

Mume kusoma hajui, hajawahi kukaa darasani. Akauliza jambo moja tu.

"Lile neno bado limo?"

"Neno gani?"

"La kutojulikana."

Fundi bodi akaigeuza kofia, akaigeuza tena. "Limo."

Usiku ule mume alilala upande wa mkewe wa kitanda. Alitaka kukubali. Aseme kweli, alitaka. Alikuwa mpweke, na kesi ni kelele. Angetia dole gumba, kila mtu angerudi kwake. Lakini akilini lilimjia lori linalokwenda barabara isiyokuwapo, na mtoto wa watu huko mbali anauliza nani kachora, anaambiwa hajulikani. Mke amezikwa juzi. Wanataka kumzika mara ya pili, na safari hii jembe wamshikishe yeye.

Siku ya kikao alivaa koti. Walikaa chumba kilekile cha kikao cha kwanza, meza ndefu ya kioo. Wakili wa kampuni, kijana mpole mwenye tai, akamsogezea karatasi na kidau cha wino.

"Mzee, pole sana kwa msiba. Hapa ni dole gumba tu."

Mume akakisukuma kidau kikarudi kilikotoka.

"Sitii."

Fundi bodi akashusha pumzi. "Shemeji jamani."

"We ukitaka, weka kidole chako. Changu hakiwekwi."

"Mzee," kijana akasema, "tukirudi mahakamani itachukua miaka. Na umri wako..."

"Umri wangu unakuhusu nini? Nikifa, binti yangu yupo. Atakuja kukaa hapahapa, na yeye mdomo kamrithi mama yake. Utanikumbuka."

Fundi viti akaangua kicheko, akakifunika kwa kiganja. Fundi bodi akamtazama, akatazama karatasi, mwisho akaichukua kofia yake mezani akaivaa.

"Haya. Twendeni kwenye mabenchi. Sugu ninayo tayari."

Kijana akakunja mikono. "Basi nipeni sababu niipeleke kwa wakubwa. Niwaambie mzee amekataa kwa nini?"

"Siku ile mke wangu alipokataa, ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Aliwajibu. Mliandika?"

Kijana akapekua karatasi zake. Mume akamgeukia yule dada, wakili wao.

"Mwanangu, shika kalamu. Andika alivyosema, usipunguze, usimnyooshee maneno. Hiyo ndiyo sababu yangu."

Dada akashika kalamu. Mume akasema taratibu, neno baada ya neno, kama mke wake alivyosema akiwa amekaa kwenye chumba hichohicho:

"Mchoraji hajulikani? Mimi huyu hapa. Nimevaa gauni la kijani, nimekaa kwenye kiti chenu, na chai yenu sijaigusa. Nitazameni vizuri, halafu muandike tena."