Wageni Wakinyamaza

Iko siku moja haijawahi kunitoka, mwanangu Wanja, na imenirudia leo tangu nilipokuona ukizima simu na kuitupa kabatini. Ati wageni wamekuchosha. Ati wakae na baridi yao. Mimi sijaketi tangu hapo, unaniona nikienda dirishani na kurudi. Hebu acha hivyo vyombo unisikize.

Ilikuwa Julai, ile baridi ya Mweiga inayofanya ng'ombe wagome kutoka zizini. Nilikuwa nimeolewa hapa si kitambo, na nyumba ile ya chini, hiyo hiyo unayoikodisha kwa simu siku hizi, tulikuwa tukiwakodishia watu wa Nairobi wanaokuja kupumzika. Akaja bwana mmoja na mkewe, binti yao mdogo, na mama mzee aliyemzaa huyo bwana. Mwanangu, yule mwanamume! Maziwa yananuka ng'ombe. Jogoo anawika mapema. Blanketi zinawasha. Maji ya kuoga yana rangi. Kila akitokea mlangoni, mkono kiunoni, najua kuna jipya. Mkewe alikuwa akinitazama kwa aibu, maskini.

Kuni tuliwapa mzigo mkubwa walipofika. Wakawasha moto kutwa nzima milango ikiwa wazi, ungedhani wanataka kupasha joto Nyandarua yote. Zikaisha. Akaja mchana mmoja, manyunyu yakinyesha, akaanza hata kabla ya salamu: "Hii ni nyumba ama friji? Nimetoka Nairobi nikuje kuganda hapa? Leta kuni!"

Nikamwambia, "Kuni yenu mmemaliza wenyewe. Ingine iko kwa msitu, nenda ukate." Nikamfungia mlango. Na mpaka leo, Wanja, sitakudanganya, nasema nilikuwa na haki.

Nyanya yako, mama yake baba yako, alikuwa jikoni akikoroga uji. Alisikia yote. Mimi nikamenya viazi nikimngoja yule bwana arudi tugombane vizuri, maana nilikuwa nimeshapanga ya kumwambia. Hakurudi. Manyunyu yakakatika, ng'ombe wakakamuliwa, hakurudi. Nikafurahi sana. Nikasema, "Leo nimemkomesha. Si unasikia vile kumetulia?"

Nyanya yako akauacha mwiko ndani ya sufuria. "Huyo mtu hajanyamaza tangu afike," akasema. "Na mtoto je? Umesikia mtoto?"

Sikuwa nimesikia mtoto.

Akamimina uji kwenye flaski. Hata katika haraka ile alimimina, kwa sababu hakuwa mtu wa kuingia kwa mgeni mikono mitupu, ndivyo alivyolelewa. Mimi nikanung'unika: yule anapelekewa uji wa nini? "Beba vikombe," akanijibu, na tayari yuko nje, hata gambuti za matope hakuvaa.

Tulikuta madirisha yote yamefungwa. Tukabisha, kimya. Lile jiko la makaa tulilowapa la kuchomea nyama pale barazani halikuwapo. Hapo nikaelewa: wameliingiza ndani. Nyanya yako akasukuma mlango kwa bega, flaski ikamponyoka ikabingirika huko. Jiko lilikuwa katikati ya chumba, makaa mekundu, moshi hakuna hata kidogo, na wote wamelala kitanda kimoja wamejifunika mpaka shingoni. Ndio ubaya wa makaa, mwanangu. Yanaua bila kunuka.

Tukavuta. Sijui nguvu zilitoka wapi. Mtoto kwanza, nikamlaza nyasini, nikawa nampiga piga mashavu nikimwita jina, nalia kama niliyefiwa. Kisha yule mama mzee, kisha mke, kisha yeye, mzito kama gunia la viazi. Mtoto akakohoa. Akatapika. Sijawahi kufurahia matapishi namna ile! Majirani walikuwa wamesikia kilio changu, mmoja akakimbilia pikapu ya maziwa ya kuwapeleka hospitali.

Yule bwana alikuwa wa mwisho kufungua macho. Akatazama mawingu, akatutazama sisi, akajishika suruali.

"Hii nyasi imelowa," akasema. "Mmeniweka kwa maji."

Nyanya yako alicheka mpaka akaketi chini. "Amepona!" akasema. "Huyu amepona kabisa!"

Pikapu ilipoondoka akanigeukia, kicheko kimekwisha. "Alikuja kuomba kuni, wewe ukasikia matusi tu." Basi. Hakulirudia neno hilo maisha yake yote, nami sikuhitaji alirudie.

Sasa nisikize. Sikuambii ukubali kutukanwa. Masharti yako wape langoni wanapofika, kwa sauti nzuri, kabla hawajafungua mabegi. Anayekutukana, mwambie usinitukane. Aliyekuzidi, akishaondoka usimpokee tena, na mimi nitasimama nyuma yako. Lakini akiwa bado analala kwenye nyumba yetu, usimnyime moto, na simu yako isizimwe hata akikupigia kwa upuzi. Nyama ikishaiva, hilo jiko lichukue wewe mwenyewe ulilete huku juu. Na mgeni msumbufu akinyamaza usisherehekee, nenda umwone. Tena ubebe kitu mkononi, asidhani umekuja kuendeleza ugomvi.

Hao wako wa leo, nalitazama bomba lao la moshi tangu saa nane. Halitoi kitu. Redio yao pia siisikii. Toa hiyo simu kabatini, iwashe. Mimi natia chai kwenye flaski. Washa haraka, mama.

Ehe, inalia? Ni wao? Wanasemaje? Ati maji ya moto hayafiki bafuni, na wewe ni mtu bure kabisa?

Ngai, asante! Waambie tunakuja, tena tunakuja na kuni. Shika flaski, twende. Mungu akubariki, mwanangu, akupe wageni wengi, wenye adabu akipenda, na wote waondoke hapa kwa miguu yao wenyewe.