Mama Anaumwa, Njoo

Hapa Njinjo hakuna mwanamume wa rika la Klementi aliyekuwa na nywele nyingi kama zake. Mvi zilikuwa zimeingia, lakini nywele hazikupungua. Mkewe, Brigita, ndiye aliyezikata kwa mkasi, wamekaa kibarazani, na kinyozi hakuruhusiwa kuzigusa. Yohana, mdogo wake Klementi, mtu ambaye mdomo wake haupumziki, alizoea kumtania.

"Kaka, humo kichakani hakuna nyoka?"

"Wapo," Klementi alijibu. "Wanangoja wambea."

Hayo ndiyo maneno marefu aliyoweza kusema mbele za watu. Mimi ni jirani yake, shamba langu la ufuta limepakana na lake, na tumewahi kubangua korosho pamoja kuanzia asubuhi hadi adhuhuri bila kusemeshana zaidi ya kuombana maji. Wao ni Wakatoliki, sisi ni Waislamu. Wakati wa futari Brigita alileta maboga, na Krismasi mke wangu alipeleka nazi.

Walikuwa na mtoto mmoja tu aliyekua, Flora. Alimaliza kidato cha nne, matokeo hayakumpeleka mbele. Akakaa nyumbani akilima, mpaka likatoka tangazo la vijana wa kujitolea kwenda Jeshi la Kujenga Taifa. Brigita hakutaka. Alisema msichana akitoka kule anakuwa na sauti kama ya mwanamume. Lakini Klementi alitaka sana. Aliamini mtoto akimaliza mafunzo anaweza kuajiriwa jeshini, au polisi, au magereza, na hatapinda mgongo kwenye ufuta kama wao. Kila alfajiri alimtoa binti akakimbie barabarani, yeye nyuma na baiskeli. Flora akichoka, baba yake hakumkaripia wala kumsifu. Alipiga kengele ya baiskeli tu, na Flora aliinua tena miguu.

Alipochaguliwa alipelekwa kambi ya mbali, mkoa wa bara. Kule kuruta haruhusiwi kuwa na simu. Siku za Jumapili msimamizi wa wasichana, waliyemwita Afande Lightness, aliwapa simu yake wapige nyumbani kwa zamu. Huku kwetu mtandao unashika vizuri mahali pamoja tu, juu ya kichuguu kilicho nyuma ya kanisa. Kwa hiyo kila Jumapili, misa ikiisha, Klementi na Brigita walipanda kichuguu wakakaa na simu katikati yao, wameiweka sauti ya juu. Nami nikipita kutoka shamba nilisimama kusikiliza.

Mara ya kwanza Flora alicheka.

"Baba, wametunyoa vipara! Najishika kichwa najiona kama nimefiwa."

"Tema mate chini!" Brigita alimkemea. "Maneno gani hayo?"

Flora alisema hivyo kwa sababu kwetu aliyefiwa na mume, mke au mzazi hunyolewa upara siku ya kuondoa matanga, na hurudiwa kunyolewa mpaka arobaini ipite. Ukimwona mtu aliyezoea nywele amekuwa na upara, humuulizi kitu. Unampa pole.

Jumapili zilizofuata hakucheka. Alisema miguu imevimba, anaota kwata usingizini, wenzake wawili wametoroka.

"Baba, nataka kurudi."

"Rudi, mwanangu," mama yake alidakia. "Ugali upo."

Klementi alimshika mkono mkewe, akaisogelea simu. "Flora. Unakumbuka kengele?"

Flora akasema, "Nakumbuka."

"Basi naipiga."

Ikawa hivyo kila wiki. Brigita alilia akiteremka kichuguu, na Klementi alimfuata nyuma amebeba viatu vyake.

Msimu wa kuvuna ufuta ulipofika, Brigita alianguka shambani. Walikuwa wanasimamisha matita ya ufuta yakauke. Alisema kichwa kinamgonga, akakaa, kisha akalala ubavu. Tulimpakia kwenye pikipiki katikati ya dereva na Yohana, tukampeleka zahanati. Mganga alisema presha imepanda mno, anatakiwa hospitali ya wilaya mara moja. Gari lilikuwa bado linatafutwa alipokata roho. Jua halikuwa limefika utosini.

Jambo lililobaki lilikuwa moja: Flora amkute mama yake kabla hajazikwa. Hapa hakuna chumba cha kuhifadhi maiti, na joto letu linajulikana. Katekista alisema wanaweza kungoja mpaka kesho mchana, lakini si zaidi. Kutoka kambini mtoto akiondoka leo hii angefika kesho mchana huo huo. Kwa hiyo simu ilitakiwa kupigwa papo hapo.

Tulipanda kichuguu, Klementi, Yohana, mimi na wazee wawili. Klementi alikosea namba mara mbili, simu ikachukuliwa na Yohana.

"Naanzaje?" aliuliza.

"Unaanza kama wanavyoanza watu," mzee mmoja akamjibu. "Mtoto yuko ugenini, peke yake. Unataka aanguke njiani? Sema mama anaumwa sana, aje."

Hakuna aliyepinga. Ndivyo tunavyofanya sote. Habari ya msiba haisemwi kwenye simu kwa aliye mbali. Anaambiwa mgonjwa amezidiwa, anapanda gari, na akishuka anakuta watu wamekaa kwenye mikeka. Mimi mwenyewe nilirudishwa hivyo kutoka Lindi baba yangu alipofariki.

Afande Lightness alipokea.

"Shikamoo, afande," alisema Yohana, ingawa alimzidi umri. "Hapa ni nyumbani kwa kuruta Flora Klementi. Mama yake anaumwa sana. Tunaomba aje."

"Anaumwa nini?"

"Presha."

"Mpelekeni hospitali. Flora si daktari."

"Ana hali mbaya, afande. Anamtaja mtoto."

Tulisikia akivuta pumzi. Hakuwa mkali, alikuwa amechoka. "Mzee wangu, wiki hii wewe ni wa tatu. Kuruta akilia kwenye simu, kesho yake mama anaumwa. Wamebakiza wiki chache wamalize. Akitoka sasa jina linakatwa, na mtakuja kunilaumu mimi. Nitampa taarifa kwamba mama anaumwa. Muuguzeni." Simu ikakatika.

Yohana alitazama simu kama imemuuma. "Hajaelewa," alisema. "Mtu mzima, haelewi?"

Hapo Klementi alinyoosha mkono. "Nipe. Nitamwambia amekufa."

Alipiga. Simu ilikuwa imezimwa. Alipiga tena akiwa amesimama, akapiga akiwa amechuchumaa. Baadaye tulijua kwamba mchana ule makuruta na walimu wao waliingia porini kwa siku mbili za mazoezi ya kulenga shabaha, na huko simu hazibebwi. Hatukuwa na namba nyingine. Klementi alikaa kichuguuni mpaka giza likaingia, akishuka mara moja tu, kusaini kwa mtendaji wa kijiji kibali cha kuchimba kaburi.

Kesho yake alipiga tangu alfajiri. Wanawake walimwosha Brigita, wakamvika. Mchana ulipofika, katekista alikuja akasimama chini ya kichuguu.

"Klementi, kaka yangu. Haiwezekani tena."

Klementi akaiweka simu mfukoni akashuka. Tukamzika Brigita. Siku ya kuondoa matanga, Klementi alinyolewa na dada yake. Nywele zilijaa ungo. Chini yake kichwa kilikuwa kidogo, cheupe, kama si chake. Yohana alimwangalia akageuka pembeni, hakuwa na utani.

Jumapili Flora alipiga.

Wazee walikuwa wamekwisha kukaa wakaamua. Mama amezikwa, mtoto hana cha kuwahi. Akiambiwa sasa atatoroka, na kazi yote aliyofanya itapotea. Aachwe amalize, ataambiwa uso kwa uso. Klementi aliwasikiliza ameinama, na sijui kama alikubali. Hakuwahi kushinda mabishano na mtu. Tulipopanda kichuguu Yohana alikuja pia, akasimama mbele yake ameweka kidole mdomoni.

"Baba! Mama anaendeleaje? Afande ameniambia anaumwa."

Klementi alikitazama kidole cha Yohana.

"Baba?"

"Hajambo," alisema. "Anaendelea."

"Kweli?"

"Kweli."

Tulisikia Flora akilia, lakini kilio cha furaha, kilichochanganyika na kicheko. "Asante Mungu. Asante Mungu. Nipe niongee naye."

"Yuko nyumbani. Hawezi kupanda huku bado."

"Basi apumzike. Baba, nimechaguliwa kwenye gadi ya gwaride, tutakuwa mbele kabisa siku ya kufunga mafunzo. Kaeni upande wa bendera niwaone. Mwambie mama avae kitenge chake cha njano, nitamtambua hata kwa mbali."

Simu ilipokatika Klementi alishuka, akaenda moja kwa moja nyumbani kukitafuta kitenge.

Safari ya kwenda kwenye sherehe aliniomba mimi. "Baba Fauzia, nisindikize wewe. Yohana ataongea." Tulipanda basi Nangurukuru. Alikuwa amevaa kapelo nyeusi aliyoinunua sokoni, ameivuta mpaka masikioni, na magotini ameshika mfuko wenye kitenge cha njano. Alikuwa amenyolewa tena juzi yake. Njiani aliniambia mpango wake: gwaride likiisha atamchukua Flora pembeni, amkalishe, ndipo aseme. Kabla ya hapo asijue, asije akaharibu gwaride.

Tulifika mapema tukakaa upande wa bendera, mstari wa mbele. Makuruta waliingia na bendi. Sikuwahi kuona watu wengi wakikanyaga kwa mguu mmoja namna ile. Flora alikuwa katika safu ya kwanza, mweusi wa jua, shingo imekakamaa. Walipogeukia upande wetu macho yake yalitupata, na niliona yakitafuta kando ya baba yake, kiti cha pili, cha tatu. Cha pili nilikalia mimi.

Mgeni rasmi alipofika, kipaza sauti kikatangaza wimbo wa taifa. Watu wote wasimame, wanaume wavue kofia.

Nilimtazama Klementi. Hakuna aliyekuwa amelifikiria hilo. Alisimama mikono imeshikilia kapelo kichwani. Askari aliyekuwa akipita mbele yetu akamnong'oneza, "Mzee, kofia." Bendi ikaanza. "Mzee!"

Akaivua.

Jua lilipiga kwenye upara ule. Flora alikuwa mbali kama kutoka kibaraza cha Klementi hadi changu. Hakutikisika. Mikono ilibaki ubavuni, kidevu kilibaki juu, bunduki ya mwenzake pembeni haikucheza wala yeye hakucheza. Machozi tu yalishuka, na hakuwa na ruhusa ya kuyafuta. Wimbo uliisha. Kisha gwaride likaendelea, mwendo wa pole na mwendo wa haraka, na alipita mbele yetu mara mbili bila kukosea hatua.

Lilipokwisha alitujia akapiga saluti mbele ya baba yake.

"Lini?" aliuliza.

"Siku ile ile tuliyopiga."

"Mlisema anaumwa."

"Tulidhani utaelewa."

"Nilielewa," alisema Flora. Sauti yake kweli ilikuwa imebadilika. "Tulipotoka porini afande akaniambia mama anaumwa sana, wanataka uje. Nikamwambia, afande, mama yangu amekufa, kwetu ndivyo wanavyosema. Akaniuliza nani amekwambia amekufa. Nikasema hakuna. Akasema basi yuko hai. Zakia, tunayelala naye hanga moja, babake alikufa, kaka yake akapiga akasema amekufa. Walimpa ruhusa saa ile ile, na gari mpaka stendi."

Klementi alisimama na kapelo mkononi.

"Nilimlilia siku zote zile, Baba. Halafu Jumapili ukasema hajambo. Nikaona aibu. Nikaomba msamaha kwa Mungu kwa kumlilia mama aliye hai."

Klementi alifungua mfuko akatoa kitenge. Flora alikishika, akakibana usoni kwa muda, kisha akakikunja vizuri kama wanavyofundishwa, akakirudisha. Nguo za kiraia haziingii hangani. Filimbi ikapulizwa. Walikuwa na utumishi wa kuendelea nao, hawakurudi nyumbani siku hiyo.

"Vaa kofia, Baba," alisema. "Jua kali." Akaondoka akikimbia.

Nywele za Klementi zimeota tena, chache, na sasa anakatwa na kinyozi. Mwezi uliopita mama mkwe wa Yohana alifariki, na mjukuu wa marehemu yuko mbali, Mitwero. Wazee walipanda kichuguu, Yohana akaanza, "Bibi amezidiwa kidogo..." Klementi alimnyang'anya simu.

"Bibi yako amekufa," alisema. "Tunazika kesho saa saba. Njoo."

Watu walimwambia hana adabu. Alirudisha simu, akashuka, akaenda kuchimba kaburi.